Albamu ya sikio moja

Upande wa kulia wa hedfoni zangu ulikufa wiki tatu zilizopita. Ni zile za kununulia dirishani mwa daladala, gari likiwa limekwama kwenye foleni: unazichomeka haraka haraka kwenye simu, zinalia pande zote mbili, unatoa hela, gari linaondoka. Nafika nyumbani, kulia kimya. Sikuzitupa. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, na mimi si mtu wa kutupa kitu ambacho nusu yake bado inafanya kazi.

Usiku huo niliweka Pet Sounds ya Beach Boys, bendi ya Marekani, albamu ya mwaka 1966 ambayo nimeisikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuimbia hata mistari ya besi. Nikashangaa. Baadhi ya vyombo vimesogea mbali kama vinapigwa nyumba ya pili, na waitikiaji wengine wamekwenda zao. Kumbe nilikuwa nimegusa toleo la stirio, lile linalogawa sauti kushoto na kulia. Nikarudi kwenye orodha, nikachagua la mono, ambalo sauti zote hupita njia moja, nikaanza upya. Kila mtu alikuwepo. Sikio moja, spika ndogo kama kifungo cha shati, na bendi nzima ikaenea humo bila mtu kubaki nje.

Si ajabu. Aliyeitengeneza albamu hii, Brian Wilson, alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia tangu utotoni. Stirio kwake ilikuwa habari ya kusimuliwa na watu wengine. Alikaa mbele ya spika na kupanga sauti za vyombo na za ndugu zake kwa kutumia sikio la kushoto tu, akiwa na umri wa miaka 23, na alipomaliza kulikuwa na kanda moja, ya njia moja, yenye uamuzi mmoja. Wilson alifariki Juni 2025, siku chache kabla ya kufikisha miaka 83, na tangu hapo watu wengi wamerudi kuisikiliza kazi yake. Wengi wanaingilia mlango ule ule nilioingilia mimi usiku ule, bila kujua kwamba ipo milango miwili na kwamba haiingii chumba kimoja.

Hapa maneno yanahitaji kutenganishwa, maana wauza muziki hupenda kuyafunga fundo moja. Kusafisha upya, ile kazi inayoitwa rimasta, ni kuchukua kanda ya mwisho, ambayo vyombo na waimbaji wameshaungana, na kuipiga pasi. Unapunguza mvumo wa kanda, unainua besi kidogo, unasawazisha kimo cha sauti kati ya wimbo na wimbo. Nguo ni ile ile. Kuchanganya upya ni jambo jingine kabisa: unarudi nyuma hadi kwenye kanda za awali, unafumua mishono yote, unashona upya kwa vipimo vyako. Pet Sounds ya mono imepigwa pasi mara nyingi. Pet Sounds ya stirio ni nguo iliyofumuliwa.

Na ilichukua miaka 30 kuifumua, kwa sababu ya namna ilivyoshonwa. Wilson alirekodi vyombo kwanza, kwenye kanda ya njia tatu au nne, kila njia ikibeba sauti zake peke yake. Kisha alizikusanya njia hizo zote zikawa moja tu kwenye kanda nyingine, ili nafasi zilizobaki ziwe za waimbaji. Siku waimbaji wanaingia studio, bendi imeshafungwa kama gunia lililotiwa sindano mdomoni. Huwezi tena kusema punguza dramu, acha piano. Ukitaka stirio ya kweli, inabidi uichukue kanda ya vyombo na kanda ya sauti, uzioanishe, zitembee pamoja bila moja kuitangulia nyingine hata kwa nusu ya pumzi. Mashine za 1966 zisingeweza. Fundi Mark Linett alizinakili kidijitali akazioanisha mwaka 1996, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikatoka ndani ya sanduku la diski lililoitwa The Pet Sounds Sessions.

Capitol, kampuni iliyouza rekodi zao, kwa upande wake, haikungoja kompyuta. Mwaka ule ule wa 1966 iliuza pia nakala za stirio ya kubuni, ile waliyoiita Duophonic: unachukua mono, unasukuma sauti nyembamba upande mmoja na nzito upande mwingine, unachelewesha kidogo, halafu unaandika stirio kwenye jalada. Kuna watu waliokua na hiyo wakidhani ndiyo albamu.

Tukubaliane kwanza kwamba kazi ya Linett ni ya kuheshimiwa. Imefanywa kwa adabu, na bila hiyo kuna vitu nisingevijua hadi leo. Katika I Know There's an Answer kuna banjo. Kwa miaka nilikuwa nasikia kitu kinachokwaruza chini ya harmonika nzito, nikidhani ni gitaa lenye uzi uliolegea. Stirio ikanionyesha: banjo, safi kabisa, na aliyeishika ni Glen Campbell, yule yule aliyekuja kuwa nyota wa muziki wa kantri. Ni kama kugeuza koti la suti nje-ndani. Unaona bitana, unaona mahali fundi alipoongeza kitambaa begani, unaona uzi wa rangi tofauti aliotumia pale ambapo hakuna atakayechungulia. Fundi mwenzake atakaa na koti hilo siku nzima. Lakini harusini hulivai hivyo.

Wilson aliacha kusafiri na bendi baada ya kupatwa na hofu kali ndani ya ndege kuelekea Houston, Desemba 1964. Tangu hapo wenzake wakawa wanazunguka majukwaani, yeye anabaki Los Angeles. Mwanzoni mwa 1966 walikuwa Japani na Hawaii wakati yeye akijifungia studio na wapigaji wa kulipwa, mafundi wakomavu ambao asubuhi walipiga tangazo la sabuni na mchana wakapiga muziki wa filamu. Hal Blaine kwenye dramu. Carol Kaye kwenye gitaa la besi, Lyle Ritz kwenye besi kubwa ya kusimama. Barney Kessel, mtu wa jazi, kwenye gitaa. Don Randi kwenye piano. Mashairi aliandika na Tony Asher, kijana wa kampuni ya matangazo ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutunga vijiwimbo vya bidhaa. Wenzake waliporudi na koo zao, walikuta muziki umeshakamilika, na si muziki wa kuteleza mawimbini kwa ubao na wa magari uliowapa chakula. Mike Love, mmoja wa waimbaji wa bendi, alilalamika. Wimbo mmoja ulibadilishwa maneno kwa sababu aliona unanukia dawa za kulevya. Ndio huo wenye banjo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wilson alikuwa mwanafunzi wa mbali wa prodyuza Phil Spector, aliyekuwa akijaza watu kwenye studio ndogo ya Gold Star hadi viwiko vinagongana. Alichokichukua pale si kelele. Ni hila ya kuoanisha vyombo. Unampa mpigaji wa besi ya kusimama na mpigaji wa besi ya umeme mstari mmoja, noti kwa noti. Unaiweka piano na ogani vigonge kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vikisikika kutoka sehemu moja, sikio halipati piano wala ogani. Linapata kiumbe cha tatu, kisicho na jina, ambacho hakiuzwi kwenye duka lolote la vyombo. Kiumbe hicho ndicho Wilson alikuwa anakitunga. Noti aliziandika, ndiyo, lakini aliandika pia chombo ambacho hakipo.

Aliyekulia na taarab ya Unguja hahitaji mhadhara hapa. Fidla, akodiani na kanuni zinapoutembea mstari mmoja wa wimbo, kila kimoja kikiuvuta kidogo kwa namna yake, nani anauliza kilicholia ni kipi? Kimelia kikundi. Weka fidla zote kona ya kushoto na akodiani kona ya kulia, umbali wa ukumbi kati yao, uone kama utapata ile hali.

Na akodiani imo humu pia, mbili, kwenye wimbo wa kwanza kabisa. Wouldn't It Be Nice huanza na gitaa jembamba linalometa kama sanduku la muziki la mtoto, likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye meza ya mitambo badala ya kupigwa mbele ya maikrofoni. Sekunde chache tu. Halafu Hal Blaine anapiga pigo moja la dramu, pah, kama mlango uliofungwa na upepo, na wimbo unaanguka kwenye ufunguo mwingine kabisa. Hapo kwenye mono unapokewa na kitu kinachopwita, kinachosukuma, kama injini ya boti iliyofunikwa na turubai. Kwa muda mrefu sikujua ni nini na sikuwa na haja ya kujua. Kwenye stirio turubai limefunuliwa: ah, akodiani, na wapigaji wanaitikisa mivukuto. Nimefurahi kujua. Lakini injini imezimika. Kilichobaki ni wazee wawili wenye akodiani.

Wimbo huo huo ulikuwa na mkasa wake. Sehemu ya kati, kwenye albamu ya 1966, inaimbwa na Mike Love. Linett alipokuwa anashona stirio yake, sauti ya Love kwa sehemu hiyo haikupatikana kwenye kanda alizokuwa nazo, basi toleo la 1997 likatoka na Brian akiimba mahali pa Love. Matoleo ya baadaye yakamrudisha mwenye nafasi yake. Watu hucheka wakiambiwa, kwamba kwani inamhusu nani aliyeimba mistari minne. Inamhusu anayesikiliza. Love ana sauti ya puani, ya mtaani, ya mtu aliyesimama chini. Inapokatiza katikati ya sauti ile ya juu ya Brian, ndoto inakanyaga ardhi kwa muda mfupi kisha inapaa tena. Mtoe Love, na ndoto haigusi chini popote.

Wimbo ninaoupenda zaidi kwa mjadala huu ni Here Today. Katikati yake kuna sehemu ya vyombo vitupu, na kwenye mono, ukitega sikio, unasikia watu wanaongea. Kweli kabisa. Kuna mtu anazungumzia kamera, na Wilson anaomba kanda irudishwe mwanzo. Walikuwa wanarekodi sauti, sehemu yao haijafika, wakapiga soga, na maikrofoni zilikuwa wazi. Wilson alichanganya haraka na hakurudi nyuma kusafisha. Stirio imeyafuta maneno hayo yote. Kiufundi ni marekebisho: hakuna prodyuza wa leo ambaye angeacha soga kwenye wimbo. Mimi kila nikisikiliza stirio, sehemu hiyo ikifika, nasubiri wale watu waongee. Hawaongei. Ni kama kwenda nyumbani kwa rafiki ukakuta wamepiga rangi ukutani, pale mlipokuwa mkipimana urefu kwa penseli.

Halafu kuna baiskeli. You Still Believe in Me ilianza ikiwa na maneno mengine, kuhusu utoto, na kwa ajili ya maneno hayo Wilson alitia kengele ya baiskeli na honi ya kubonyeza. Baadaye maneno yakatupwa, Asher akaandika mengine, ya mwanamume anayemshukuru mpenzi wake kwa kuendelea kumwamini japo anamkosea kila mara. Lakini kengele na honi zilikuwa zimeshafungwa ndani ya gunia pamoja na vyombo vingine. Haikuwezekana kuzitoa. Kwa hiyo wimbo huu wa mtu mzima anayejuta una baiskeli ya mtoto inayopita ndani yake, na karibu na mwisho ile honi inalia, fyat, mahali ambapo hakuna anayeitegemea. Ajali? Ndiyo. Lakini sikiliza wimbo unasema nini: mtu anataka kukua na hawezi. Hakuna mshairi ambaye angekipata kitu bora kuliko ile honi hata angepewa mwezi mzima.

Hii ndiyo sababu nina shaka na lile neno kusafisha. Nani anajua uchafu ni upi? Teknolojia ya mwaka 1966 ilimlazimisha Wilson afunge milango nyuma yake kila alipopiga hatua, na albamu hii imejaa alama za milango iliyofungwa. Siku hizi prodyuza ana njia mia kwenye kompyuta na anaweza kuahirisha kila uamuzi hadi dakika ya mwisho, halafu hata baada ya dakika ya mwisho. Wilson alipoamua kwamba njuga ziwe kubwa kuliko piano, zikawa, na alilazimika kujenga kila kilichofuata juu ya uamuzi huo. Kumfungulia milango baada ya miaka 30 ni fadhila ambayo hakuiomba wakati ule. Ni kweli kwamba stirio ilipotengenezwa aliikubali. Lakini kuikubali kazi ya mtu mwingine si sawa na kuitengeneza, hasa kazi ambayo kimaumbile huwezi kuisikia yote.

Nimetaja njuga, basi tuingie God Only Knows, maana usipoingia huko watu hukudai. Vyombo vyake vilirekodiwa Machi 10, 1966 katika studio ya Western, Hollywood, fundi mitambo akiwa Chuck Britz. Kuna njuga, kuna akodiani, kuna lile tarumbeta lililojikunja kama konokono ambalo ndilo linakufungulia mlango. Mashairi yanaanza kwa jambo la hatari: mwimbaji anamwambia mpenzi wake kwamba huenda asimpende siku zote. Mwanzo huo ulimtia Wilson wasiwasi, Asher akausimamia. Na chini ya mashairi kuna hila ya muziki inayofanana nayo. Besi mara nyingi haikai kwenye noti ya msingi ya kodi, yaani ya lile kundi la noti zinazolia pamoja. Inakaa pembeni, kwenye noti nyingine ya familia hiyo hiyo. Ukitaka kuipiga kwa gitaa nyumbani, unaona mara moja: huna uhakika kama uko kwenye ufunguo wa E au wa A, na wimbo haukuambii. Nyumba ipo, taa zinawaka, mlango huuoni.

Kwenye kanda za kazi zilizotoka na lile sanduku la 1997 unawasikia wapigaji wakihangaika na sehemu ya kati. Haikai. Inaburuta. Wanarudia na kurudia, kisha linatoka wazo, na sifa hupewa Don Randi, kwamba waikatekate: noti fupi fupi, kavu, badala ya kuziachia zirefuke. Wakajaribu, ikakaa papo hapo. Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyimbo nyingi kamili. Mkubwa wa kazi ana miaka 23, amezungukwa na watu wanaomzidi umri na ujuzi, na mmoja wao akileta jambo zuri analipokea hapo hapo bila kinyongo. Hapa ndipo stirio, kanda za kazi, na matoleo ya sauti tupu yasiyo na vyombo yanaponilipa gharama yangu yote. Kama darasa hayana mpinzani. Unamsikia hata akimuuliza Chuck kama inawezekana kuingiza farasi studio bila kuharibu mambo. Hakuonekana kutania.

Aliyeimba ni Carl, mdogo wake, aliyekuwa na miaka 19. Mwishoni sauti zinaanza kufuatana na kupishana kama watoto wanaozunguka mbuyu, na Bruce Johnston, mwenzao kwenye bendi, husimulia kwamba Carl alikuwa amechoka akaenda nyumbani, kwa hiyo mzunguko ule wa mwisho ni Brian na yeye tu, Brian akiimba juu na chini, Bruce katikati. Kwenye stirio unaweza kuwahesabu. Kwenye mono huwezi, na hapo ndipo nywele zinaposimama, kwa sababu wanaonekana hawana idadi.

Mambo mengine nitayapita. Mauzo, kwa mfano: nafasi ya 10 Marekani, ya 2 Uingereza, na Capitol ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani kabla miezi miwili haijaisha, kama mwenye duka anayeficha bidhaa moja nyuma ya nyingine. Paul McCartney wa Beatles ameisifu kwa miongo. Jarida la Rolling Stone liliiweka ya 2 katika albamu bora za wakati wote, mwaka 2003 na tena 2020. Yote hayo yameandikwa kila mahali. Na kuhusu Sloop John B, wimbo wa watu wa Bahamas ambao Al Jardine, mwenzao kwenye bendi, alimshawishi Brian aurekodi: ni mzuri, umepangwa vizuri mno, na hauna kazi humo. Albamu nzima ni mtu mmoja anayejisemea chumbani, halafu ghafla tuko melini na mabaharia walevi. Ulikuwa umeshavuma kama singo. Nyimbo zinazovuma huingia bila kubisha hodi.

Mwaka 2023 prodyuza Giles Martin alitengeneza toleo la Atmos, ambalo sauti zinakuzunguka pande zote na hadi juu ya kichwa. Nimelisikiliza mara moja, kwa rafiki mwenye vifaa. Ni la kufurahisha kama kutembezwa ndani ya saa ya mnarani. Baada ya hapo nilitaka tu kutoka nje nitazame saa ngapi.

Kinachonisumbua ni namna tunavyoambiwa kwamba sisi tusio na vifaa hivyo tunasikia pungufu. Spika ya bluetooth kwenye kibanda cha chipsi ni moja. Redio ya mlinzi ni spika moja. Simu iliyoegeshwa juu ya friji ni spika moja. Mwaka 1966 nchini Marekani ilikuwa hivyo hivyo: redio ya gari spika moja katikati ya dashibodi, redio ya mkononi spika moja, na Wilson alichanganya nyimbo zake akiwalenga watu hao. Kwa albamu hii mwenye kibanda cha chipsi ndiye aliyekaa kiti cha mbele, mradi tu achague toleo sahihi. Hapo ndipo wenye orodha za muziki wanapotukosea: mono mara nyingi imewekwa kama nyongeza, chini ya stirio, kama kitu cha wakusanya vitu vya kale.

Nilidhani nimepata njia ya mkato. Simu nyingi, ndani ya mipangilio ya watu wenye ulemavu, zina swichi inayounganisha pande mbili kuwa moja, iliyowekwa kwa ajili ya wanaosikia kwa sikio moja. Nikaiwasha, nikaweka ile stirio, hedfoni yangu mbovu ikiwa sikioni. Vyombo vilirudi vyote. Lakini haikuwa ile albamu. Ukizirudisha pamoja sauti ambazo Linett amezipima, unapata mono ya Linett: akodiani bado inaonekana sana, sauti ya Brian iko mbele nusu hatua, na Here Today bado haina watu wanaoongea. Njuga hazijarudi mahali pake. Mono si stirio iliyobanwa. Nimeizima ile swichi, ingawa nimefurahi kujua kwamba ipo, na najua ni nani angeihitaji.

Wimbo wa mwisho ni Caroline, No. Brian peke yake, bila mwenzake hata mmoja kwenye sauti. Hal Blaine anagonga chupa tupu kubwa ya maji ya kunywa, dum, yenye mwangwi, na mwanamume anamuuliza msichana zilikwenda wapi zile nywele zake ndefu. Baba yao, Murry, alishauri kanda iharakishwe kidogo ili Brian asikike mdogo zaidi. Iliharakishwa. Toleo la mwendo wake wa asili lipo kwenye sanduku la 1997, na ukilisikiliza unasikia mtu mzima. Kwenye albamu unasikia mtu aliye katikati, hajulikani ni mkubwa au mdogo, na tofauti yenyewe ni kama nusu toni tu. Sijawahi kumpenda Murry Wilson kwa lolote jingine nililosoma kumhusu. Kwa hili nampa haki yake.

Wimbo unapofifia linapita treni, na mbwa wawili wanabweka: Banana na Louie, mbwa wa Brian mwenyewe, aliowapeleka studio. Nimeshanunua hedfoni nyingine, pande zote nzima, zimo kwenye droo. Jana usiku niliiweka simu ndani ya bakuli la bati jikoni, mono, nikawa naosha vyombo. Treni ikapita. Louie akabweka, Banana akafuata, na nje, nyuma ya ukuta, mbwa wa jirani akawajibu.